"Haikuonekana" kwenye majibu ya maabara

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa maabara, pamoja na wasomaji wanaopokea majibu ya vipimo vyetu, kuhusu neno "haikuonekana", yaani mashine haikuona sumu kwenye sampuli.

Kwa miaka kumi na mmoja nimefanya kazi na mashine za kromatografia, zinazotenganisha kemikali zilizomo kwenye sampuli, zenye ditekta ya fluoresensi, yaani kipokezi kinachomulika kemikali na kupima mng'ao wake, muda mwingi nikipima sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Kosa linaloniuma hadi leo nililifanya mimi mwenyewe. Taa ya zenoni, inayomulika sampuli ndani ya ditekta, ilikuwa imechoka. Vilele vya sampuli sanifu (ile yenye kiasi cha sumu kinachojulikana) kwenye grafu vilifupika wiki hadi wiki, nami nikawa napandisha volti za fotomaltiplaya, kifaa kinachokuza ishara ya mwanga, mpaka virudi kimo chao cha zamani. Kwenye skrini kila kitu kilipendeza. Lakini kelele za mstari wa chini, yaani mitikisiko midogo ya grafu pasipo na sampuli, nazo zilikuwa zikipanda. Siku nilipodunga sampuli sanifu ya kiwango cha chini kabisa, ile ambayo zamani ilisimama wazi, ilizama kwenye kelele sikuiona. Majibu mangapi ya "haikuonekana" yalikuwa yameshatoka? Tulirudia sampuli zote zilizokuwa bado zimehifadhiwa, na mbili zikakutwa na sumu.

Taa yoyote huchoka. Elektrodi huliwa polepole, metali yake ikatanda ndani ya kioo cha kwatzi, na mwanga wa urujuanimno ndio unaotangulia kufifia. Ditekta ya ufyonzaji, inayopima mwanga uliomezwa na sampuli, hulinganisha mwanga ulioingia na uliotoka, kwa hiyo taa ikififia uwiano haubadiliki, ingawa kelele huongezeka. Kwenye fluoresensi, molekuli hung'aa kwa kadiri inavyomulikwa, hivyo taa ikififia ishara nayo hushuka. Zipo ditekta zinazojirekebisha kwa kuipima taa yenyewe, na hilo ni jema, ila namba ikirekebishwa mwanga uliopotea haurudi.

Kipimo cha kulijua hili mapema ni maji. Pitisha maji safi ya siku hiyohiyo, mulika kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 350, soma kwenye nanomita 397. Hapo maji yenyewe hutawanya mwanga kidogo wa urefu tofauti, uitwao mwanga wa Raman, na kwa kuwa ni maji tu, ukubwa wake hautegemei ustadi wa mtu kuandaa sampuli. Gawanya ishara hiyo kwa kelele, uandike jibu daftarini pamoja na saa ambazo taa imewaka. Ni kazi ya dakika chache. Mimi hufanya kila Jumatatu, bila kugusa volti.

Namba ikishuka, usikimbilie kununua taa. Anza kwa kusafisha seli ya mtiririko, kichumba ambamo sampuli hupita ikimulikwa, maana uchafu mdogo tu humeza mwanga au hung'aa wenyewe. Angalia kama kifaa cha kuondoa hewa kinafanya kazi, kwa sababu oksijeni iliyoyeyuka hufifisha mng'ao wa kemikali nyingi. Rudia kwa maji mapya. Namba isipopanda, hapo taa ndiyo ya kushukiwa.

Wanaotumia taa inayowaka mfululizo wasiizime na kuiwasha kila baada ya sampuli mbili. Kuwasha ndiko kunakozila elektrodi zaidi. Ikizimwa, ipoe kwanza kabla ya kuwashwa tena. Na wakati wa kuibadilisha, tafadhali sana, vaeni miwani na glavu: gesi ya ndani ina shinikizo kubwa hata taa ikiwa baridi, na alama ya kidole kwenye kwatzi huungua na kukidhoofisha kioo.

Kwa wanaopokea majibu yetu, nina ombi moja. Mkiona neno "haikuonekana", ulizeni maabara kiwango cha chini inachoweza kukiona, na tarehe kilipothibitishwa mara ya mwisho kwa taa iliyomo sasa kwenye mashine. Kwetu tarehe hiyo sasa huandikwa chini ya kila jibu.

Fundi sanifu wa maabara