Kwa mpwa wangu uliye Australia: majina yapo nyuma ya tao

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ya Tao la Ushindi la Ballarat, mji wa huko kwenu Australia, nimeipata, ahsante. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeishia langoni. Habari yenyewe iko barabarani, nyuma ya tao.

Tao hilo halikujengwa na serikali. Fedha zake zilichangishwa na wanawake wapatao 500 wa kiwanda cha nguo cha Lucas, ambao tangu Juni 1917 hadi 1919 walikuwa wakipanda miti kando ya barabara itokayo mjini kwenda magharibi. Wazo lilikuwa la Tilly Thompson, mmoja wa wakurugenzi wa kiwanda. Miti ilifikia takriban 3,800 katika mwendo wa kilomita 22, kila mmoja kwa ajili ya mtu wa wilaya ile aliyejiandikisha kwenda Vita Kuu ya Kwanza, wauguzi wakiwamo. Mwana wa mfalme wa Uingereza alipofika kulizindua tao, Juni 1920, mabinti hao walimtunuku pajama za satini ya njano. Zawadi ya mafundi cherehani hasa!

Kinachonigusa zaidi ni mpangilio wa miti. Ilifuata zamu ya kujiandikisha, si cheo, kwa hiyo ofisa aliweza kupakana na kuruta. Tena waliorudi salama walipata miti sawa na waliokufa, na mtu aliweza kupita njiani akasoma jina lake mwenyewe kwenye kibao chini ya mche ambao bado haujatoa kivuli.

Sasa ikumbuke Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita hiyo hiyo. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, sifa nzuri kweli, lakini jina la mpagazi hata mmoja halimo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina, au hawakuenziwa kabisa. Tume hiyo hiyo, enzi hizo ikiitwa ya Kifalme, ndiyo iliyotusimamishia ile sanamu.

Mjomba wako