Mikataba ya Arusha ni miwili, na tofauti yake iko jeshini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa wiki iliyopita juu ya mazungumzo ya amani ya mashariki mwa Kongo, ambamo mwandishi alipitisha kwa sentensi moja tu kwamba Mkataba wa Arusha ulishindwa, na kwa hiyo hata mikataba inayotiwa saini siku hizi isitegemewe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia, mkazi wa Sakina, na katika miaka yangu ya kufundisha nilizoea kuwasahihisha wanafunzi waliochanganya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na mikataba ya amani iliyokuja baadaye. Kosa la mtoto wa kidato cha pili nalielewa; la gazeti husomwa na watu wazima wakaliamini.

Mikataba mikubwa ya amani iliyobeba jina la mji wetu ni miwili. Wa Rwanda ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993 na Rais Juvénal Habyarimana pamoja na mwenyekiti wa waasi wa RPF, Alexis Kanyarengwe, baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja yaliyosimamiwa na serikali ya Mzee Mwinyi. Wa Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, katika mazungumzo ambayo Mwalimu Nyerere aliyaanzisha hapa Juni 1998, akafariki Oktoba 1999 kabla hayajafika mwisho, na Mzee Nelson Mandela akayapokea. Wa kwanza ulifuatwa, miezi minane tu baadaye, na mauaji ya kimbari; wa pili, pamoja na majeraha yake yote, ulizaa katiba na uchaguzi wa mwaka 2005. Mtu akiitia yote miwili kapu moja na kuiita ya kushindwa, hajatueleza lolote kuhusu kwa nini mmoja ulivunjika na mwingine ukasimama.

Kwenye karatasi, ule wa Rwanda haukuwa mkataba wa ovyo. Uligawa wizara, ukaeleza jinsi wakimbizi watakavyorudi, ukataka serikali ya mpito iundwe ndani ya siku 37. Sehemu ambayo ningependa mwandishi wenu aikalie chini na kalamu ni ile ya majeshi. Jeshi jipya lilipangiwa watu 13,000 na jandarma, yaani polisi wa kijeshi, 6,000; askari wa serikali wangechukua asilimia 60 na wale wa RPF asilimia 40, huku nafasi za maafisa zikigawanywa nusu kwa nusu. Piga hesabu hiyo: upande wa serikali ulibakiwa na nafasi 11,400, wakati jeshi lake lilikuwa limevimba tangu vita vianze Oktoba 1990 hadi kupita watu 30,000. Maana yake ni kwamba karibu askari wawili kati ya watatu walitakiwa kurudishwa uraiani, katika nchi yenye mashamba madogo na kazi chache, na maafisa waliozoea kuamuru walitakiwa kugawana vyeo na watu waliokuwa wakiwapiga risasi juzi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuchochewa sana na redio, ingawa redio ya kuchochea nayo ilikuwapo, RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwezi Julai 1993, wakati wajumbe bado wako hapa Arusha.

Aliyetakiwa kusimama kati ya karatasi na bunduki ni Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama liliidhinisha UNAMIR, kikosi cha kulinda amani Rwanda, tarehe 5 Oktoba 1993, siku chache mno baada ya Wamarekani 18 kuuawa Mogadishu, na hofu ya Somalia ikakitawala tangu siku ya kwanza: kilipewa askari 2,548, mamlaka finyu, na vifaa ambavyo kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire, alivilalamikia hadi mwisho. Tarehe 21 Oktoba Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Mhutu, aliuawa na askari wa jeshi lake mwenyewe, lililotawaliwa na Watutsi, na wale waliokuwa wakihubiri Kigali kwamba kugawana madaraka ni mtego wakapata mfano wa kuonyesha. Ndege ya Habyarimana ilitunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 akitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Kesho yake askari kumi wa Ubelgiji wa UNAMIR waliuawa. Na tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama likapunguza kikosi hicho hadi watu 270. Mwisho wa mwezi huo wenzetu wa Ngara walipokea wakimbizi wapatao 250,000 kwa muda wa siku moja hivi. Kusema baada ya hayo kwamba ni mkataba ulioshindwa ni kuwafutia deni walioahidi kuulinda.

Wa Burundi, kwa kweli, ulianza vibaya zaidi. Makundi mawili makubwa yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakutia saini, hivyo mapigano yaliendelea huku wanasiasa wakipeana mikono. Hata hivyo uliliweka suala la jeshi wazi kabisa: hakuna kabila litakalozidi nusu ya askari. Afrika Kusini ilileta askari wapatao 700 kuanzia Oktoba 2001, kazi yao ikiwa kuwalinda viongozi waliorudi kutoka uhamishoni, jambo linaloonekana dogo mpaka umkumbuke Ndadaye. CNDD-FDD walipokubali kusitisha mapigano na kuingia serikalini mwaka 2003, walikuta mlango wa jeshi umeshachongwa. Hawakuhitaji kuvunja ukuta.

Najua nitaulizwa habari za 2015. Mkataba ulisema hakuna atakayekuwa rais kwa zaidi ya vipindi viwili. Pierre Nkurunziza akadai kipindi chake cha kwanza hakihesabiki kwa kuwa alichaguliwa na Bunge, watu wakauawa, na maelfu wakavuka mpaka hadi Kagunga mkoani Kigoma, ambako kipindupindu kiliwakuta. Sitalipunguza hilo. Ila mtazame nani alijaribu kupindua serikali tarehe 13 Mei mwaka ule: Jenerali Godefroid Niyombare, mpiganaji wa zamani wa CNDD-FDD, akimwasi mwenzake wa msituni. Jeshi lilipasuka, lakini halikupasuka Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya Mkataba wa Arusha wa pili, na ni kazi isiyopigwa picha.

Ndiyo maana makala yenu ya Kongo ilinisikitisha. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC wakakutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari. Tarehe 27 Juni Kongo na Rwanda zikatia saini mkataba Washington, ambao M23 wenyewe hawakuusaini, na mazungumzo yao na serikali ya Kinshasa yakawa Doha. Mwandishi alituorodheshea miji na wageni waalikwa. Hakutuambia wapiganaji wa M23 wanatakiwa kwenda wapi, wangapi wataingia jeshini na kwa vyeo gani, FDLR, wale waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, watapokonywa silaha na nani, na ni askari wa nchi ipi watakaokaa katikati. Naliomba gazeti lako, kila litakaporipoti mkataba, lichape kwa Kiswahili sehemu ya majeshi kabla ya hotuba za wakuu, hata ikibidi kupunguza picha.

Na kuhusu picha: ile iliyoambatana na makala, yenye maelezo kwamba ni Arusha mwaka 1993, inamwonyesha Mandela mezani pamoja na Rais Bill Clinton wa Marekani. Hao walikuwa hapa Agosti 2000, kwa ajili ya Burundi. Nitashukuru mkiisahihisha katika toleo lijalo.

Mwalimu mstaafu,
Sakina, Arusha