Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: tunaomba bango la samaki wa Tanganyika

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni nahodha wa boti ndogo hapa Katonga. Siku nyingi nabeba abiria, ila wakitokea wageni wanaopenda kuvua kwa ndoana kwa burudani, hunikodi kutwa nzima. Wanakuja na fimbo zao na leseni zao, na samaki akishapandishwa botini swali ni lile lile: "Nahodha, huyu samaki gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Kuna siku mgeni wangu alinasa kuhe karibu na ufukwe wa mchanga. Kuhe mzima, mwili wa manjano, madoa meusi ubavuni, ameikimbilia chambo bandia kwa hasira. Tulipompasua tumbo lilikuwa tupu kabisa. Maji yalikuwa yametulia, na unajua maji yetu yalivyo maangavu, nikachungulia chini. Juu ya mchanga kulikuwa na wingu la vitoto, vidogo kama punje za mtama, na kuhe mmoja akizunguka peke yake huku samaki wengine wakivamia kutoka kila upande. Kuhe hulea wawili, dume na jike. Tulikuwa tumemtoa mmoja. Yule mgeni alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba angejua, angemrudisha majini. Namwamini. Mimi nilijua kuhe kwa jina na kwa ladha, lakini sikuwa nimemwambia chochote kabla hajatupa uzi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tulipofika mwaloni, samaki wanakoshushwa, mambo yakazidi kuharibika. Mgeni alikuwa na kitabu cha majina ya kitaalamu, akamwambia mwandishi wa daftari la samaki wanaovuliwa neno moja tu: "microlepis". Sasa Mheshimiwa, ziwa hili lina microlepis wawili wanaovuliwa kwa ndoana. Kuna Boulengerochromis microlepis, ambaye ndiye kuhe, na kuna Lates microlepis, wa jamii ya sangala, ambaye wazee huku humwita nonzi. Neno hilo maana yake ni magamba madogo, nao wote wawili wanayo. Daftarini ikaandikwa sangala. Kuhe mlezi akaingia kwenye hesabu za serikali kama samaki wa ukoo mwingine kabisa.

Na kuwatofautisha si kazi ngumu mtu akionyeshwa mara moja. Kuhe ni wa jamii ya sato na perege: pezi lake la mgongoni ni moja, limeunganika kutoka mbele mpaka nyuma, na mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili. Jamii ya sangala pezi la mgongoni lina pengo katikati hata yanaonekana kama mapezi mawili, na mstari wa ubavuni unakwenda moja kwa moja hadi kwenye mkia. Kidole kimoja mgongoni, jibu umelipata.

Ndani ya jamii hiyo ya sangala ndipo penye kazi. Wako wanne, na wote wanne hawapatikani kwingine duniani ila Tanganyika. Mgebuka ni yule mwembamba, mrefu, anayekaa maji ya katikati akifukuza dagaa. Nonzi mkia wake una panda iliyochanua. Wawili waliobaki sisi wote tunawaita sangala, na hapo hata mimi hukosea: Lates mariae ana jicho kubwa, Lates angustifrons kichwa chake ni chembamba kwa mbele, na huyu ndiye anayekuwa jitu. Watoto wa hawa wakubwa watatu hukulia kwenye majani karibu na ufukwe, mahali ambapo mgeni anayejifunza kurusha uzi hupelekwa kwanza. Anavuta sangala wa shubiri moja, anaambiwa ni mgebuka, anamtia kwenye ndoo.

Ofisi moja iliwahi kutubandikia bango la samaki, tukafurahi. Tuliposogea karibu tukakuta sato na sangara wa Ziwa Victoria. Sangara yule alipandikizwa Victoria miaka ya 1950, huku kwetu si mwenyeji. Ni binamu wa sangala wetu, na herufi moja ya jina isifanye mtu adhani ni samaki mmoja.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, tuliweka ndoana chini ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila mapato ya uvuvi ni mingi kwa mwenye boti, na tulivumilia. Kwa hiyo naona nina haki ya kuomba hili.

Tunaomba bango la samaki wa ziwa hili liwekwe Kibirizi, Katonga, Ujiji, na kule Ilagala ambako Malagarasi inaingia ziwani na wageni hufuata yule samaki wanayemwita "tigerfish", ambaye meno yake yanaonekana hata akifumba kinywa. Picha ziwe kubwa: pezi, jicho, mkia, mtoto pembeni ya mkubwa. Jina la ziwani liandikwe kwanza, la kitaalamu kwa ukamilifu wake chini yake, maneno yote mawili. Karatasi hiyo hiyo, kwa udogo, apewe kila anayekata leseni ya kuvua kwa burudani. Wataalamu mnao hapa hapa, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Kigoma, na wazee wa mialoni wapo wa kutaja majina.

Wapiga picha wakija, boti yangu ipo. Mafuta nitaweka mimi kwa siku mbili za kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Nahodha wa Katonga, Kigoma