Malalamiko: Friji ya barafu iliyoungwa kwenye maji yasiyo na presha

Tabata, Dar es Salaam
12 Machi 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Februari 17 nilinunua kwenu friji ya milango miwili, ile inayojitengenezea barafu, na juu ya bei yake nikalipa shilingi 150,000 za kuungiwa maji. Muuzaji wenu alinionya nisimwite fundi bomba wa mtaani, eti ataharibu dhamana. Nikamtii.

Fundi wenu alikuja Februari 20. Nilimwonyesha tangi letu la lita 1,000, lililo juu ya mnara wa matofali usiozidi mita tatu. Akalitazama, akasema halina shida. Sasa nimekisoma kitabu cha friji mwenyewe (kazi niliyodhani nimemlipa yeye): kinataka presha isiyopungua PSI 20 (PSI ni kipimo cha presha). Maji ya tangi hushuka kwa uzito wake tu, na kila mita ya kimo hutoa kama PSI 1.4. Mita tatu hazifiki hata PSI 5. Hilo halikuhitaji kipimo, lilihitaji macho.

Koki ya umeme nyuma ya friji hufunguka kwa sekunde chache. Presha ikiwa ndogo, kisahani cha kugandishia barafu hakijai. Tukawa tunapata vipande vyembamba, vyenye uwazi katikati, vinavyoyeyuka kabla juisi ya ukwaju haijafika mezani. Koki hiyohiyo hutegemea presha ya maji ili ijifunge vizuri, kwa hiyo ikabaki inachuruzika na maji yakagandia kwenye mpira wa kujazia. Tangu Machi 3 haitoki hata punje. Ramadhani yote hii mke wangu ananunua barafu ya mfuko kwa jirani.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Badala ya kukata bomba na kuweka T (kiungo cha njia tatu) yenye koki yake, fundi alibana kile kibano chenye sindano ya kutoboa. Bomba zetu ni PPR, zile za kuchomelea kwa moto. Kibano kile hakikushika. Kikavuja chini ya sinki taratibu, hatukujua hadi sakafu ya kabati ilipovimba kama andazi. Nilipoikaza sindano, maji yakazidi. Ikabidi nifunge tangi, tukafuturu kwa maji ya ndoo.

Nimepiga simu mara tatu. Jibu: "Hilo ni tatizo la maji yako, siyo la friji." Sijasema friji ni mbovu. Nalalamikia kazi ya mtu aliyeliona tangi, akaunga, akaondoka bila kusubiri kuona barafu.

Naomba mlete fundi mwingine aondoe kibano na kuweka T na koki ya kufungia. Pampu ndogo ya kuongeza presha nitanunua mwenyewe, maana tangi ni langu, ila kuifunga kuwe juu yenu. Sakafu ya kabati mnilipe. Makadirio ya seremala, picha na nakala ya risiti nimeambatanisha. Mkishindwa, rudisheni 150,000 na mniandikie kwamba nikimwita fundi wangu, dhamana haitaguswa.

Nasubiri hadi Machi 26. Baada ya hapo barua hii naipeleka Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
(jina na simu viko kwenye risiti)