Ukuta wa chumba cha Mama

Bugembe, Jinja
Jumapili jioni

Dada Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, watoto wazima, Baba Zuhura anakusalimu sana wewe na shemeji. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Hawa, na simu zako mbili sikuzipokea. Nisamehe. Nilikuwa na neno lisilosemeka mbele ya watu, na katika nyumba hii kila pembe ni mbele ya watu. Ndiyo maana nashika kalamu. Juma anakuja huko Busia Jumanne, atakuletea.

Jambo lenyewe ni ukuta. Ule ulio kati ya chumba chetu na chumba cha Mama.

Unajua tulimtoa Mama Tororo baada ya Iddi. Kifua kinambana usiku. Walimpima, si kifua kikuu, ni pumu. Sasa usiku mmoja mimi na Baba Zuhura tulikuwa tunapiga hesabu za mwezi, ada za watoto, dawa, kodi ya kibanda cha sokoni. Tuliongea chini chini. Mimi ndiye niliyesema, "Dawa za Mama peke yake zinakula nusu ya ninachopata." Nilisema kama mtu anayesoma daftari, Rehema, wallahi sikuwa na ubaya. Asubuhi nikampelekea chai, akasema maziwa siku hizi hayamkai tumboni, nimpe ya rangi. Sukari kijiko kimoja kinatosha. Mama huyu huyu aliyekuwa anatugombeza chai ikiwa nyepesi!

Tangu siku hiyo hakohoi. Yaani anakohoa, lakini nilimkuta saa nane za usiku ameketi kitandani, ncha ya leso ameikunja mara nne na kuiuma kwa meno, mabega yanatikisika, sauti haitoki. Aliponiona akauliza, "Nimekuamsha?" Mvua ikipiga mabati ndipo anapojiachia. Nikibandika sikio ukutani namsikia, mfululizo, kama aliyekuwa amejiwekea akiba.

Nataka Mama akohoe bila kuomba ruhusa ya mtu. Na mimi nataka mahali pa kuzungumza na mume wangu. Basi.

Tulimwita fundi mmoja wa hapa mjini. Akaja na trei za mayai, akazigongomelea ukuta mzima upande wetu, akachukua pesa yake. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Mdogo wangu Salim, anayesomea uhandisi Makerere, alipozikuta alikasirika kweli. Anasema trei ni karatasi, hazina uzito. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini sauti ya kwenda ng'ambo zinaiacha ipite, na moto ukitokea zinawaka upesi. Siku ile ile tulizing'oa.

Halafu Baba Zuhura akafanya jambo la maana. Usiku aliwasha taa kubwa chumbani kwa Mama, akazima ya kwetu, akapanda darini. Aliniita nipande nione. Ukuta ule, Rehema, unaishia pale pale penye dari! Juu yake ni wazi, kenchi tupu na giza, kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho kama ukumbi mmoja, na mwanga wa kwa Mama ulikuwa unapenya kwenye viungo vya mbao za dari na kutumulika usoni. Maneno yangu yalikuwa yanapanda kwetu na kushukia kwake. Juu ya kila mlango tena kuna matundu ya hewa, na chini ya mlango wake vidole viwili vinapita.

Salim alinifafanulia vizuri. Ukuta wetu ni futi 12 kwa 9. Uwazi ukiwa hata sehemu moja kati ya mia, yaani kama futi moja ya mraba, ukuta uwe mnene namna gani hautapunguza sauti zaidi ya desibeli 20 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, kwa hiyo zinabaki 40, na usiku uliotulia hizo mtu anazisikia. Kwa hiyo kwanza ni kuziba, kisha ndiyo kuongeza uzito.

Tumewaza kuupandisha ukuta hadi kwenye mabati, na mawimbi ya bati yazibwe kwa udongo wa saruji. Lakini ni ukuta mwembamba wa ndani, sijui kama chini una msingi wa kubeba kozi zote hizo. La sivyo tuweke fremu ya mbao kati ya kenchi, bodi nzito pande zote mbili, na katikati sufu ya mawe, zile nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa zinazonyonya sauti. Mlango wa Mama ni ule mtupu ndani, ukiugonga unalia kama debe. Ningependa wa mbao nzima, na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli chini yake.

Ila hewa. Mwenye pumu huwezi kumfungia kama unga ndani ya pipa. Matundu ya mlangoni yakizibwa, dirisha la nje lazima lipanuliwe. Na jambo linaloninyima usingizi: akibanwa kweli kweli usiku na sisi hatusikii? Baba Zuhura anasema tumnunulie kengele ya betri, aibonyeze akiwa kitandani. Je, ataibonyeza, mtu anayeuma leso?

Na nitamwambiaje? Akiona mafundi wanaukazania ukuta wake hasa, atasema tumechoka kumsikia. Nimewaza kumwambia tunarekebisha dari kwa sababu ya popo. Lakini nikimdanganya Mama ukutani kwake, na pale anasikia kila kitu...

Shemeji anaweza kuja siku mbili aupime huo ukuta? Tumetenga laki nane, zinatosha au nisubiri mavuno ya Agosti? Ile nyumba ya Bi Mwanaidi aliifanyaje, si alipandisha kuta zote? Sufu ya mawe inapatikana upande wenu? Na wewe unamjua Mama tangu tukiwa wadogo: ungekuwa mimi, ungemwomba radhi kwa lile neno kwanza, au ungeanza na ukuta?

Jibu lipitie kwa Juma. Usipige simu.

Wako,
Mama Zuhura