Ushauri wenu utawazamisha watu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia, lakini ile makala ya ushauri kwa wasafiri wa vyombo vya tanga imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu kasema upepo ukizidi, abiria wahamie "upande wa demani kwa usalama". Wakimfuata, watu watakufa maji.

Joshi ni kamba inayofunga pembe ya mbele ya tanga, kule omo, yaani mbele ya chombo. Demani huvuta pembe ya nyuma, na ndiyo inayokazwa na kulegezwa safari nzima. Upande unaopokea upepo ndio joshini. Wa pili, tanga linakotuna, ndio demanini. Chombo hulalia demanini na maji huingilia huko huko. Uzito wa watu unatakiwa joshini, mhariri, na hili wanalijua hata watoto wanaochezea ngalawa za vifuu pwani.

Kuna mwaka, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limepamba moto, tulikuwa tunavuka kutoka Mkokotoni kwenda kisiwa cha Tumbatu. Mashua imejaa magunia ya unga na akina mama waliotoka sokoni. Upepo ukatupiga ghafla, nahodha akaamuru demani ilegezwe. Kijana aliyepewa kazi hiyo, mgeni wa bahari, akakimbilia omo na kuanza kuhangaika na fundo la joshi. Demani huku nyuma imekaza kama chuma, tanga limejaa, na ukingo wa demanini unachota maji. Mama mmoja alikuwa ameketi hapo hapo na mwanawe mgongoni, kanga zimerowa hadi kifuani, anashindwa kupanda juu kwa sababu magunia yanamteremkia. Mzee mmoja akairukia demani akaikata kwa kisu. Tanga likapwaya, mashua ikainuka. Hatukupoteza mtu, alhamdulillahi, ila unga wote uliharibika. Sasa nyinyi mnawaambia watu kama yule mama wakakae pale pale!

Na ile picha. Chini yake mmeandika "jahazi", na ndubi, yale maboya ya mbao ya ubavuni, zinaonekana wazi pande zote mbili. Hiyo ni ngalawa. Ndubi ndizo zinazoizuia isipinduke, na mashua ya abiria haina kitu hicho. Mgeni akiitazama picha yenu atadhani kila chombo cha tanga kina ndubi za kukishikilia.

Nataka masahihisho kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile, pamoja na mchoro: foromali (mti unaobeba tanga), tanga, joshi, demani, na mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Mwandishi wenu aende Nungwi, mafundi wa vyombo watamchorea mchangani bila kumdai senti. Halafu mtume mtu huku kwetu haraka, maana kuna aliyeikata makala yenu na kuibandika pale abiria wanaposubiri mashua. Aje aibandue.

Msomaji wenu,
Mkokotoni, Unguja