Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Nipe majibu ya damu ya mwanangu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAJIBU YA VIPIMO VYA RISASI (METALI YENYE SUMU) KATIKA DAMU ZA WATOTO WETU

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani. Barua tatu nilizoleta ofisini kwako kwa mkono wangu ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na hapo ndipo zilipoishia.

Alhamisi iliyopita mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, alishikwa na degedege mbele ya macho yangu. Hakuwa na homa. Wazazi wake wakaambiwa ni kifafa, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyewaza kumpima risasi, ingawa alikuwa akicheza kila siku kwenye vumbi lile lile alilochezea mwanangu. Nilipomweleza mhudumu wa mapokezi kwamba huyu apimwe risasi, alinitazama akidhani nazungumzia risasi ya bunduki. Simlaumu yeye. Nani aliwahi kumfundisha?

Mwanangu ana miaka minne. Baba yake amefanya kazi ya kuvunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi kwa miaka sita, nyuma kabisa ya nyumba tuliyokuwa tukikaa. Alirudi na vumbi kwenye nguo, nami nikazifua pamoja na za mtoto. Leo nikikumbuka beseni lile nashindwa kulala. Huenda ni vumbi hilo, huenda ni rangi iliyokuwa ikibanduka kitandani naye akiitia mdomoni. Nilichokiona ni mtoto kuanza kulalamika tumbo, kukosa choo, kupauka, na maneno aliyokwisha kuyajua kuanza kumpotea.

Kipimo cha kwanza, miezi mitano iliyopita, kilionyesha mikrogramu 38 za risasi kwa desilita moja ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema ikifika 5 tu, chanzo kitafutwe na mtoto aondolewe kwenye hatari. Ikifika 45, mtoto huanzishiwa dawa ya kuitoa risasi mwilini. Daktari akaniambia, "Mama, yuko chini ya kiwango cha dawa. Mtoe pale mnapokaa, umrudishe baada ya mwezi mmoja tumpime tena." Wiki ile ile tulihama, tukaenda kubanana kwa dada yangu.

Mheshimiwa, huo mwezi mmoja ndio haujaisha hadi leo.

Tuliporudi mara ya kwanza, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilikuwa vimeisha. Mara ya pili damu ilitiwa kwenye kichupa kisichofaa, ikaganda, maabara ikaitupa. Mara ya tatu wakamtoboa kidole, bila kumnawisha kwa sabuni, na kifaa kidogo kikasoma 61. Nilipiga kelele mle ndani. Muuguzi akanieleza kwa upole kwamba vumbi la risasi likiwa kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu na kupandisha namba, kwa hiyo lazima wahakikishe kwa damu ya mshipani. Wakaichukua, wakaipeleka kwenye maabara yako kuu. Hizi ni wiki saba.

Naomba uisome namba hiyo kama mzazi. Kama 61 ni kweli, mwanangu alipaswa kuwa kwenye dawa tangu wiki saba zilizopita. Kama ni vumbi la kidoleni, basi hiyo si dawa ya kumpa mtoto kwa kubahatisha. Na muda nao unapoteza ushahidi: mtu akiondoka kwenye chanzo, kiwango kilichomo kwenye damu hupungua kwa takriban nusu ndani ya mwezi mmoja hivi, ilhali iliyojichimbia mifupani hukaa miaka na miaka, ikivuja kidogo kidogo.

Palipo na pengo kama hili huingia wafanyabiashara. Nilishalipia kipimo cha nywele. Nikalipia na kile cha kumpa mtoto dawa kwanza ili mkojo utoe metali nyingi, nikaletewa karatasi yenye mistari myekundu ya risasi, zebaki, aseniki na kadimiamu. Daktari aliitazama akasikitika. Mkojo uliosukumwa kwa dawa hauna kiwango cha kawaida cha kuulinganisha nao, na nywele hushika uchafu wa nje. Kila metali ina njia yake: risasi kwa damu ya mshipani, mvuke wa zebaki kwa mkojo, zebaki ya samaki kwa damu, aseniki kwa mkojo wa mtu aliyeacha vyakula vya baharini kwa siku kadhaa. Haya nimefundishwa na mtaalamu wa maabara aliyenihurumia. Ilikuwa kazi ya wizara yako kuyatangaza.

Mwaka jana ulisimama mbele yetu ukaahidi mashine ya kupima metali nzito. Mashine ililetwa, ukakata utepe, tukapiga makofi. Mimi nilikuwepo, mwanangu mgongoni. Sasa nasikia imekaa bila kuwashwa kwa kukosa gesi ya agoni. Mheshimiwa, ulituahidi majibu, hukutuahidi mashine ya kuitazama.

Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, risasi iliyotokana na uchimbaji wa dhahabu iliua watoto zaidi ya 400. Walikuwa wakishikwa na degedege kama huyu wa jirani yangu, na ilijulikana ni risasi baada ya damu kupimwa.

Nilikusudia kukuomba mengi: wafanyakazi wa betri wapimwe, karakana ile ihamishwe, wauguzi wafundishwe vichupa sahihi, watoto wote wa mtaa ule watolewe damu. Bado nayaomba. Lakini kwanza nipe majibu ya ile damu ya wiki saba. Kama imepotea, niambiwe imepotea.

Jumatatu asubuhi nitakuwa tena kwenye benchi la maabara na mwanangu, na safari hii nitakuja na yule wa jirani. Naomba tukute gesi imefika.

Ni mimi,
Mama wa mtoto mwenye namba mbili, 38 na 61